Kijana Aliyeitwa Shetani Gerezani: Malcolm X na Watoto Wetu Walioko Mahabusu

Jina la Malcolm X si geni hapa Pwani. Sura yake iko kwenye fulana za vijana, na kila ifikapo tarehe 21 Februari, siku aliyouawa, vipande vya hotuba zake huzunguka kwenye simu zetu. Wengi wetu twamjua yule alhaji wa miwani na suti nadhifu, msemaji hodari aliyewatetea watu weusi wa Marekani bila woga. Wachache wamjua mtoto Malcolm Little, aliyefiwa na baba akiwa na miaka sita, akanyang'anywa mama na hospitali ya wagonjwa wa akili, akapelekwa nyumba ya mahabusu ya watoto, kisha akaishia jela kabla ya kutimiza miaka 21.

Leo nataka tumzungumzie huyo mtoto. Sababu ni kwamba kila mara korti zetu za Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu husimamisha kizimbani watoto wa umri ule ule. Mmoja ameshikwa na panga, mwengine na simu ya wizi, mwengine na kete za unga. Sisi tukisikia habari zao twasema ni watukutu, wazazi hawakuwafunza, wafungwe wapate adabu. Ni mara chache kuuliza kichwani mwa mtoto yule mna nini, na nyumbani kwao kumetokea nini. Maisha ya Malcolm yanatulazimisha kuuliza.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Babake, Earl Little, alikuwa mtu wa Georgia, mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahimiza watu weusi wajitegemee na waikumbuke Afrika. Mamake, Louise, alizaliwa kisiwa cha Grenada, mwanamke aliyesoma na mwenye kujiheshimu sana. Wazungu wabaguzi hawakuipenda kazi ya Earl, na familia ikawa ya kuhamahama, kutoka Omaha hadi Milwaukee, kisha Lansing katika jimbo la Michigan. Huko Lansing, mwaka 1929, nyumba yao iliteketea kwa moto usiku wakiwa ndani. Malcolm alikuwa na miaka minne. Ukimsoma alivyoeleza maisha yake alipokuwa mtu mzima, utaona usiku ule ndio kumbukumbu ya kwanza iliyomganda akilini: moshi, mayowe, na familia iliyosimama nje na nguo za kulalia.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1931, babake alikutwa amekatwa na tramu. Serikali ilisema ni ajali. Familia na watu weusi wa mji ule waliamini kuwa aliuawa na kundi la Wazungu wabaguzi. Earl alikuwa na bima, lakini kampuni moja ilikataa kulipa kwa madai kwamba mtu alijiua mwenyewe. Mtu ajipige kichwa kisha ajilaze kwenye reli! Ndivyo mjane wa miaka thelathini na kitu alivyobaki na watoto saba, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi uliowatia njaa mamilioni ya Wamarekani.

Louise alijitahidi. Alishona nguo, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na kwa kuwa rangi yake ilikuwa nyeupe, mara nyengine waajiri hawakujua kwamba ni mweusi. Wakishajua, humfukuza. Siku nyengine chakula kilikuwa majani ya mwituni yaliyochemshwa. Malcolm na kakake Philbert wakawa wawindaji wa sungura na vyura ili nyumba ipate kitu cha kutia jikoni. Kisha Malcolm akaanza kudokoa madukani. Wizi wake wa kwanza ulikuwa wa tumbo.

Hapo ndipo maofisa wa ustawi wa jamii walipoingia. Walikuwa wakija nyumbani, wakiuliza maswali, wakiwachukua watoto kando mmoja mmoja na kuwachunguza kana kwamba ni mali ya serikali. Kuna kisa kimoja ambacho msomaji wa Pwani atakielewa upesi kuliko wengine. Jirani mmoja mweusi alitaka kuipa familia ile nyama ya nguruwe bure, nyama nyingi ya kutosha siku nyingi. Louise alikataa, kwa sababu imani yake haikumruhusu kula nguruwe. Kwa maofisa wale, mama mwenye njaa anayekataa nyama ya bure hana akili timamu. Wakaliandika hilo katika hesabu yao dhidi yake.

Tusidanganyane, Louise alikuwa akiumwa kweli. Alikuwa amechoka na amelemewa. Mwanamume aliyeonyesha nia ya kumuoa alitoweka, naye akaanza kunyamaza, kuzungumza peke yake, na kuacha mambo ya nyumba yaende yanavyokwenda. Lakini mtu anayezama hutupiwa kamba. Yeye alivutwa kwa nguvu akatengwa na watoto wake. Mwanzoni mwa mwaka 1939 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kalamazoo kwa amri ya mahakama, na akakaa huko miaka 24. Watoto wakagawanywa kwa familia tofauti. Malcolm maisha yake yote aliamini kwamba kama mama yule angesaidiwa mapema akiwa na watoto wake, nyumba ile isingevunjika. Aliihukumu serikali kwa hilo hadi alipokufa.

Wakati mama anaondolewa, Malcolm tayari alikuwa nje ya nyumba. Alikuwa mtoto wa vurugu shuleni, mwenye kuudhi walimu, na kwa utundu wake alifukuzwa. Alikuwa na miaka 13. Serikali ikamuondoa kwa familia iliyokuwa ikimlea na kumpeleka nyumba ya mahabusu ya watoto katika mji mdogo wa Mason, karibu na Lansing. Kituo hicho kilikuwa cha kupitia tu, na safari yake ilikuwa imepangwa kuishia shule ya marekebisho, kama zile ambazo wazee wetu walizijua kwa jina la aprovu.

Mume na mke waliosimamia nyumba ile ya Mason walimpenda. Alikuwa na chumba chake, akafanya kazi za usafi kwa bidii, na safari ya shule ya marekebisho ikaahirishwa tena na tena hadi ikasahauliwa. Lakini walikuwa wakiwazungumza watu weusi kwa dharau mbele yake, kana kwamba hayupo. Walimpenda, ila kama mtu anavyompenda ndege wake wa kwenye tundu. Mtoto huyaona hayo hata asipoyasema.

Katika shule ya Mason alikuwa mmoja wa weusi wachache mno, na bado alisoma vizuri hadi wenzake wakamchagua kiongozi wa darasa. Hapo palikuwa na nafasi. Mtoto aliyefiwa, aliyetengwa na mama, aliyefukuzwa shule, ghafla ameshika masomo na ana alama za juu. Kisha mwalimu mmoja akamuuliza angependa kuwa nani. Malcolm akajibu kwamba angependa kuwa wakili. Mwalimu akamwambia kwa upole kuwa hiyo si kazi ya mtu mweusi, afikirie useremala. Useremala ni kazi ya heshima, na mafundi waliochonga milango ya Lamu wanajulikana duniani. Lakini mwalimu yule hakuwa akiusifu useremala. Alikuwa akimwambia mtoto mahali dari lake lilipo. Watoto wa Kizungu waliokuwa nyuma yake kwa masomo walihimizwa wawe chochote watakacho.

Tangu siku ile Malcolm alibadilika. Aliacha kucheka na watu, akajikunja ndani, na waliokuwa wakiishi naye walishindwa kuelewa nini kimemsibu. Alimaliza darasa la nane, na masomo yake ya shule yakaishia hapo.

Mwaka 1941 alikwenda Boston kwa Ella, dada yake wa baba mmoja, mwanamke mwenye nguvu aliyetaka kumlea vyema. Lakini Malcolm alikuwa na miaka 15, ana mwili wa mtu mzima na jeraha ambalo hakuna aliyelifungua. Akavutwa na mitaa ya starehe. Aling'arisha viatu kwenye ukumbi wa dansi, akauza sandwichi kwenye treni, kisha akafika Harlem, New York. Akanyoosha nywele kwa dawa kali, akavaa suti pana za rangi za kuwaka, akaitwa Red. Akavuta bangi, kisha akaiuza kwa wanamuziki. Akaingia kwenye kokeini, kamari, na biashara ya kuwapelekea wanaume wanawake. Alikaa siku nyingi bila usingizi wa maana, akiendeshwa na dawa, na alitembea na bastola.

Wanahistoria waliomchunguza baadaye wameona kwamba alipokuja kusimulia ujana wake aliongeza chumvi kidogo, ili watu waone ametoka shimo refu kiasi gani. Hata tukiipunguza chumvi, mchuzi unabaki mchungu. Kuna kisa alichokitoa yeye mwenyewe, kwamba ili kuwatisha wenzake wa kuiba nao alijiwekea bastola kichwani na kufyatua, akiwaaminisha kuwa mna risasi moja ndani. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba risasi alikuwa ameificha kiganjani. Lakini kijana anayejenga heshima yake kwa kuonyesha kuwa haogopi kufa, iwe ni kweli au ni mchezo, anatuambia jambo. Mabarobaro wetu wanaojichanja mikono kwa wembe, wanaorukia matatu zikiwa mbio, wanaochangia sindano ya unga bila kujali, nao wanasema jambo hilo hilo. Mtu ambaye kesho haioni haogopi kuipoteza.

Mwaka 1943, wakati wa vita vya pili vya dunia, aliitwa jeshini. Hakutaka kwenda. Alivaa mavazi ya ajabu, akabwabwaja mbele ya daktari wa akili wa jeshi maneno ya kumtisha, na akakataliwa kwa sababu ya akili. Mamake alikuwa amefungiwa hospitalini kwa kuambiwa ana wazimu, na mwana akauvaa wazimu kama kinyago cha kuokoka. Hakuna aliyekaa chini kumuuliza kijana yule kama chini ya kinyago mlikuwa na ugonjwa wa kweli.

Mara ya kwanza kufikishwa mahakamani huko Boston, mwishoni mwa mwaka 1944, alikuwa ameiba koti la manyoya la jamaa yake mwenyewe. Alipewa kifungo cha kuahirishwa na akaachiwa. Aliachiwa, lakini hakuna aliyemshika mkono. Mwaka mmoja baadaye alikuwa na genge la kuvunja nyumba za matajiri. Januari 1946 alikamatwa katika duka la sonara alipokwenda kuchukua saa ya wizi aliyoipeleka kutengenezwa. Februari mwaka huo alihukumiwa miaka minane hadi kumi. Alikuwa na miaka 20. Mwenyewe aliamini kwamba adhabu ile ilikuwa kubwa kwa sababu ndani ya genge mlikuwa na wanawake wa Kizungu, na kwamba mahakama ilichukizwa na hilo kuliko wizi wenyewe.

Gereza la Charlestown lilikuwa kuukuu, halina maji ya bomba kwenye vyumba, na mfungwa alijisaidia kwenye ndoo ndani ya chumba chake. Malcolm aliingia akiwa na arosto, na dawa zake hazikuwapo. Mbadala wake ulikuwa kungumanga. Ndiyo, kungumanga hii hii inayotiwa kwenye vyakula vyetu. Wafungwa waliiba jikoni, wakaikoroga kwenye maji na kuinywa kwa wingi ili kulewa. Alikuwa akiwatukana walinzi, akizunguka chumbani kama mnyama, akiilaani dini na kila kinachohusiana nayo. Wafungwa wenzake, watu wagumu wa jela, wakampa jina la Shetani.

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Mchukue kijana yule wa miaka 21, mwizi, mla kokeini, mwenye rekodi ya kukataliwa jeshini kwa ajili ya akili, mwana wa mama aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, aitwaye Shetani hata na wezi wenziwe. Mlete mtaani kwetu Kisauni, Likoni au Majengo. Nani kati yetu angesema kwamba huyu bado anafaa?

Mtu wa kwanza aliyesema hivyo alikuwa mfungwa mwenzake. Bimbi, kama Malcolm alivyomwita, alikuwa mtu mweusi mkubwa kwake kwa umri, mwizi wa siku nyingi, ambaye hakuwa na ngumi wala matusi, lakini akizungumza hata walinzi husimama kumsikiliza. Alikuwa amesoma vitabu vya maktaba ya gereza. Siku moja alimwambia Malcolm kwamba ana akili, na angefaa kuitumia. Ni neno dogo tu, na ni kinyume kabisa cha neno la yule mwalimu wa Mason. Malcolm akaanza kuchukua masomo ya Kiingereza kwa posta, kisha hata Kilatini.

Mtu wa pili alikuwa Ella, ambaye hakumtupa. Alipigania ahamishwe, na mwaka 1948 Malcolm akapelekwa gereza la Norfolk, lililojengwa kwa fikra tofauti. Kila mfungwa alikuwa na chumba chake, choo kilikuwa cha maji, walimu walitoka vyuo vya Boston kuja kufundisha, kulikuwa na mashindano ya midahalo, na maktaba iliyoachwa na tajiri mmoja ilijaa vitabu hadi vyengine vikakaa kwenye makasha. Malcolm alichukua kamusi akainakili kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Taa zikizimwa usiku, alikaa sakafuni karibu na mlango akasoma kwa mwanga wa kwenye ujia, na mlinzi akipita hujitupa kitandani akajifanya amelala. Macho yake yaliharibika kwa kusoma vile, na ile miwani maarufu ikaanzia hapo.

Watu wa tatu walikuwa ndugu zake. Walikuwa wamejiunga na kundi la Nation of Islam na wakamuandikia barua baada ya barua. Mdogo wake Reginald alimwambia asile nguruwe na asivute sigara, naye atamuonyesha njia ya kutoka jela. Malcolm alidhani ni ujanja wa kuwahadaa wakubwa wa gereza. Siku chache baadaye nyama ya nguruwe ilipopitishwa mezani, aliikataa. Habari ikazagaa gereza zima, naye akahisi fahari ambayo hakuwa ameihisi kwa miaka. Mama aliambiwa hana akili kwa kuikataa nyama ile ile, na mwana akaanza kurudi kwenye akili yake kwa kuikataa.

Kundi lile, tunajua, lilikuwa na itikadi zilizo mbali na Uislamu wa Qur'ani na Sunna, na Malcolm mwenyewe alikuja kuachana nalo mwaka 1964. Mwaka huo alikwenda Makka kuhiji, akaona watu wa rangi zote wakiswali safu moja, akarudi kwa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz. Oktoba mwaka huo huo alifika kwetu Afrika Mashariki, akaonana na Mwalimu Julius Nyerere Dar es Salaam na Mzee Jomo Kenyatta hapa Kenya. Tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi jukwaani New York, mbele ya mkewe Betty na watoto. Alikuwa na miaka 39.

Lakini nataka turudi nyuma, siku aliyotoka gerezani, Agosti 1952. Kuachiliwa kwa masharti kulihitaji kuwe na mtu wa kumpokea na kazi ya kufanya. Kakake mkubwa, Wilfred, alimchukua nyumbani kwake Detroit, akampatia kazi katika duka la fanicha alilolisimamia. Malcolm alitoka jela akaingia kwenye nyumba ambayo watu waliamka alfajiri kwa utaratibu, wakasalimiana kwa adabu na kula pamoja. Hakurudi maskani, kwa sababu alikuwa na mahali pengine pa kurudi. Wangapi wetu tumeifanya nyumba yetu kuwa mahali pa kurudi kwa kijana aliyetoka Shimo la Tewa?

Na kuna jeraha moja ambalo jela, vitabu na dini havikulifikia kwa muda mrefu. Alipokwenda kumuona mamake Kalamazoo mwaka 1952, mama hakumtambua. Tangu hapo akamfunga ndani ya kifua. Miaka kumi na moja baadaye, mwandishi Alex Haley alikuwa akijaribu kukusanya habari za kitabu cha maisha yake, na Malcolm hakutaka kuzungumza chochote cha nafsi yake. Usiku mmoja Haley akamuomba amueleze habari za mamake. Malcolm akaanza kutembea chumbani huku na huko, akaeleza nguo alizokuwa akivaa mama, alivyoinamia jiko, alivyohangaika kulisha watoto. Alizungumza hadi alfajiri. Mwaka huo huo wa 1963 watoto wa Louise walimtoa hospitali, na akaishi na wanawe miaka mingi baada ya hapo. Mwanamke aliyehesabiwa kuwa si mtu wa kuishi na watu, aliishi na watu. Swali la Haley lilikuwa la kibinadamu tu, na lilikuwa limesubiri miaka 24 kuulizwa.

Sasa tuje kwetu. Sheria zetu kwenye karatasi si mbaya. Katiba inasema mtoto asiwekwe kizuizini ila iwe hakuna njia nyengine, tena kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Vijana wa miaka 15 hadi 17 wanaweza kupelekwa bostali, kama ile ya Shimo la Tewa, kwa muda usiozidi miaka mitatu, wapate mafunzo. Tafiti za nchi nyingi nazo zimeonyesha jambo moja bila kutofautiana: watoto walioko mahabusu huwa na maradhi ya akili kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa mtaani, tangu huzuni nzito na fikra za kujiua hadi majeraha ya kushuhudia mauaji na kupigwa. Wengi waliingia nayo. Mahabusu huyazidisha.

Sisi hapa Pwani tuna mazito yetu. Tuna watoto waliowaona baba zao wakichukuliwa usiku na hawakurudi. Tuna watoto wa mateja, waliokua wakimuona mama au baba akidungwa sindano uchochoroni. Tuna wa mitaa iliyovamiwa na magenge ya panga, ambao walijiunga kwa kuogopa kuwa wahanga. Tuna wanaotafuna muguka usiku kucha wasilale, kisha twashangaa kwa nini wanasikia sauti. Mtoto kama huyo akianza kukasirika ovyo, kukimbia chuo na skuli, kutolala au kujitenga, sisi twasema ana kiburi. Ikizidi, twasema ana majini, apelekwe akasomewe. Kisomo ni kheri, na hakuna anayekikataza. Lakini kisomo hakizuii daktari, kama vile dua ya kuvuka haimzuii mtu kupanda feri.

Na tuna aibu. Nyumba ikiwa na mgonjwa wa akili, hufichwa chumba cha uani, na watoto wake huitwa wana wa kichaa mtaa mzima. Mama mjane akianza kuchanganyikiwa, majirani hucheka kwanza, kisha hukasirika, kisha humpigia simu chifu. Tukifanya hivyo hatumuumizi mama peke yake. Tunaandaa kesi za korti za miaka kumi ijayo.

Yanayowezekana si mambo makubwa. Kamati za misikiti zetu huchangisha fedha za zulia na kipaza sauti. Zinaweza pia kumteua mtu mmoja wa kufuatilia watoto wa mtaa walioshikwa, ajue wako kituo gani, wana wakili au la, na wazazi wao wana nauli ya kufika kortini au hawana. Maofisa wa probesheni huandika ripoti ambayo hakimu huitegemea, na ripoti ile huandikwa kwa kuwauliza majirani. Wakija kukuuliza, usiseme tu kwamba huyu ni mwizi. Sema na kilichomfika. Walimu wa skuli na wa madrasa wakumbuke Mason: neno moja juu ya mtoto aliyekuwa anaanza kusimama laweza kumuangusha miaka kumi. Wenye maduka na gereji wamkumbuke Wilfred. Na serikali za kaunti ziwaweke wataalamu wa afya ya akili mahali watoto walipo, yaani kwenye mahabusu na bostali, badala ya kusubiri hadi mtoto ajinyonge ndipo tume iundwe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi huitumia methali hiyo kuhalalisha bakora. Samaki mbichi hakunjwi kwa kupigwa. Hukunjwa kwa mkono, polepole, na anayeshika sharti awe karibu. Malcolm alishikwa na mfungwa mmoja mzee, dada mmoja, na kaka mmoja mwenye kazi dukani. Watu watatu walitosha. Huko Shimo la Tewa na kwenye mahabusu za watoto wako vijana wetu, wengine hawajatembelewa na mtu tangu waingie. Uliza mtaani kwako leo ni nani hao, na Ijumaa hii nenda na mzazi wa mmoja wao mkamuone.